Kifurushi cha Tanga kilichopitia Kisii

Kutoka Tanga hadi Malindi ni mwendo wa takriban kilomita 300. Msafiri anayepanda basi Tanga alfajiri, akavuka mpaka pale Horohoro na Lunga Lunga, akashukia Mombasa na kudandia matatu ya kuelekea kaskazini, aghalabu huwa amefika Malindi kabla ya isha, vumbi likiwa bado mabegani. Kifurushi changu kilitoka Tanga tarehe 6 Machi, 2023, kikafika Malindi tarehe 26 Aprili. Kilikaa njiani siku 51. Nimejaribu kupiga hesabu ya umbali kiliosafiri, nayo yanionyesha zaidi ya kilomita 2,000.

Naam, visa vya vifurushi vilivyochelewa ni vingi, na huenda msomaji anacho chake kikali kuliko hiki. Nimeamua kukisimulia changu kwa sababu kilinifunza jambo kuhusu tarakimu, na kwa sababu katika siku hizo 51 nilisema uongo ambao haujanitoka moyoni hadi leo.

Ndani ya kifurushi hicho hamkuwa na dhahabu wala lulu. Mlikuwa na madaftari matatu ya shule, yale yenye jalada gumu, yaliyojaa mwandiko wa marehemu mwalimu mmoja wa Tanga. Hakunifundisha darasani hata siku moja, lakini nilimwita Mwalimu tangu siku tulipokutana katika semina ya walimu wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, nami nikiwa ningali kijana ajuaye kila kitu. Siku ile alinisahihisha neno moja mbele za watu, kwa upole, na tangu hapo tukaandikiana barua kwa zaidi ya miaka 20. Mwalimu huyu alikuwa na kazi aliyoifanya baada ya kazi. Alikuwa akikusanya maneno ya wavuvi wa pwani iliyo kusini mwa mji wa Tanga, kule Tongoni na vijiji jirani, ambako husemwa Kimtang'ata. Majina ya pepo, ya maji kujaa na kupwa, ya viungo vya ngalawa, ya samaki wanaoitwa hivi wakiwa wachanga na vile wakiwa wakubwa. Lahaja hii hutajwa katika orodha za lahaja za Kiswahili ambazo walimu huwakaririsha wanafunzi; hutajwa, kisha mwandishi akakimbilia Kiunguja na Kimvita. Mwalimu hakukimbilia popote. Alikaa na penseli yake.

Alifariki mwishoni mwa mwaka wa 2022. Miezi miwili baadaye mjane wake alinipigia simu.

"Mwanangu," aliniambia, "haya madaftari hapa yataliwa na mchwa. Wajukuu hawana haja nayo. Wewe ndiwe mliyekuwa mkiulizana maneno. Nakuletea."

Nilimsihi ayatoe nakala kwanza. Akasema alikwisha kumtuma mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, nazo nakala zilitoka nyeupe kama hazikuandikwa kitu, kwa kuwa penseli ilikuwa imefifia na mashine haikuiona. Nilimsihi basi ampe kondakta wa basi liendalo Mombasa, nami ningempokea kituoni. Alikataa katakata. Kondakta hana nambari, alisema. Posta ina nambari. Mama huyu ni wa kizazi kilichofundishwa kwamba kitu chenye nambari hakipotei. Aliyafunga madaftari kwa kanga, akaishona kanga pembe zote nne kwa uzi wa gunia, akatia karatasi ngumu juu, na binti akaandika anwani. Anwani yenyewe waliinakili kutoka katika bahasha ya barua yangu ya zamani iliyokuwa ndani ya mtoto wa meza. Bahasha hiyo msomaji aikumbuke.

Jioni ile binti aliniletea nambari kwa arafa. Nikaingia mtandaoni, nikaiandika nambari mahali pake, na palepale nikaoneshwa kwamba kifurushi kilikuwa kimepokewa Tanga. Nilifurahi kama mtoto. Tarehe 9 Machi kilikuwa Dar es Salaam. Tarehe 14 kiliondoka katika ofisi ya mabadilishano, yaani pale ambapo posta ya nchi moja hukabidhi mizigo kwa posta ya nchi nyingine. Tarehe 17 kilikuwa Nairobi. Tazama ramani, ndugu msomaji. Kifurushi kilichotoka Tanga kikielekea kaskazini kandokando ya bahari kilianza safari yake kwa kwenda kusini kilomita kama 350, kisha kikapaa hadi nyanda za juu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mpaka wa Horohoro, ulio kama saa moja na ushei kutoka alipokishonea Mama, hakikuuona hata kwa mbali.

Baadhi ya walimu wenzangu walicheka nilipowaonyesha njia hiyo. Sikucheka, maana naelewa sababu. Mizigo ya posta haisafiri kama mtu. Mtu hutafuta njia fupi. Mzigo hupelekwa kwanza mahali mizigo mingine ilipo, ukachambuliwa, ukatiwa katika gunia moja na wenzake, ndipo ukaondoka. Gunia moja lililojaa kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni rahisi kuliko magunia mia nusu tupu yanayovuka kila kijia cha mpakani. Hesabu hiyo ni sahihi kwa posta. Kwa daftari la penseli ni hesabu nyingine.

Kulikuwa na wakati ambapo mpaka huo haukuwa na maana kwa barua. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu, na wazee wetu walilamba stempu zilizochapishwa majina ya nchi zote tatu. Barua ya Tanga kwenda Malindi ilikuwa mikononi mwa mwajiri mmoja mwanzo hadi mwisho. Mwaka huohuo wa 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi mwaka wa 1983. Jumuiya ilirudi kwa mkataba uliotiwa saini mwaka wa 1999, umoja wa forodha ukaanza mwaka wa 2005, soko la pamoja mwaka wa 2010. Posta hazikuungana tena. Na kama kuna msomaji adhaniaye kwamba posta za pwani hii hazijawahi kuwa na vituko vikubwa kuliko hiki changu, basi akumbuke kwamba kati ya mwaka wa 1888 na 1891 Wajerumani walikuwa na ofisi yao ya posta pale Lamu, ambako barua zilitiwa stempu za Ujerumani.

Narudi kwa kifurushi. Tarehe 20 Machi niliarifiwa kwamba kilikuwa kikingoja ukaguzi wa forodha. Kila kivukacho mpaka hukaguliwa, na sikuona la kulalamikia. Mtu aliyeshona kanga pembe nne kwa uzi wa gunia hana budi kuwapa maafisa shughuli. Tarehe 29 Machi yaliandikwa maneno matatu ya kufurahisha: kimeondoka kwa usambazaji. Kisha kimya.

Hapo ndipo nilipoanza kuugua ugonjwa ambao nadhani wengi wanaujua. Niliitazama nambari ile asubuhi kabla ya kupiga mswaki, niliitazama kati ya kipindi na kipindi, niliitazama usiku umeme ulipokatika na rununu ikabaki na chaji kidogo. Kila mara majibu yalikuwa yaleyale ya tarehe 29 Machi. Zamani mtu alipotumiwa kitu kwa posta alisahau, na siku moja akakikuta katika sanduku. Sasa twajiona tunakifuatilia, na kufuatilia huko ni jina tu. Kifurushi hakina macho wala mdomo. Kinajulikana kilipo kwa nukta ile tu ambapo karani anapitisha mashine juu ya kibandiko chenye milia myeusi. Kati ya nukta moja na ya pili kuna giza, na katika giza hilo kifurushi chaweza kuwa garini, ghalani, chini ya meza, au ndani ya gunia lisilo lake. Nambari haisemi kifurushi kilipo. Husema mahali kilipoonwa na mtu mara ya mwisho.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kuichunguza nambari yenyewe, na hapa nawaomba walimu wa hisabati wanisikilize, kwa maana wamo wanafunzi wao wanaouliza kila siku hesabu za baki zina faida gani. Nambari za posta za kimataifa zinafuata mtindo mmoja duniani kote, uliowekwa na Umoja wa Posta wa Ulimwengu. Umoja huo ulianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba, 1874, ndiyo maana Siku ya Posta Duniani huadhimishwa kila tarehe 9 Oktoba. Nambari huwa na alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, kama TZ au KE. Herufi ya kwanza hueleza aina ya mzigo. R, kwa mfano, ni ya mzigo ulioandikishwa. Katika zile tarakimu tisa, nane za kwanza ndizo nambari hasa. Ya tisa ni askari.

Tuchukue mfano wa kubuni: RR 20463158 6 TZ. Zizidishe zile tarakimu nane, moja baada ya nyingine, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Utapata 16, 0, 16, 12, 9, 5, 45 na 56. Zijumlishe: 159. Gawa kwa 11, ubaki na 5. Toa 5 katika 11, upate 6. Hiyo 6 ndiyo tarakimu ya tisa. (Ikiwa jibu ni 10 huandikwa 0, na ikiwa ni 11 huandikwa 5.) Sasa karani aliyechoka akiandika 4 mahali pa ile 8 ya mwisho, jumla inageuka kuwa 131, baki ni 10, na askari anapaswa kuwa 1. Lakini palipoandikwa pana 6. Mashine inakataa. Karibu kila kosa la tarakimu moja hunaswa hivyo, na aghalabu hata tarakimu mbili zilizobadilishana mahali. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili tuliwapa hesabu hii kwa pamoja, mwalimu wao wa hisabati nami, na kwa mara ya kwanza niliwaona wakigombania ubao.

Kwa hivyo nilijua kwamba nambari ya kifurushi changu ilikuwa salama. Hilo halikunisaidia, kwani Mama alikuwa akipiga simu.

Alipiga kila Ijumaa baada ya sala. Hakulalamika hata mara moja. Alinijulia hali, akawajulia hali watoto, akauliza kama mvua imeanza, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akauliza: "Na kile kifurushi, mwanangu?" Nikajibu kwamba kipo njiani. Ramadhani ikaingia. Ijumaa ya pili, kipo njiani. Ijumaa ya tatu, kipo njiani. Nilisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa yakichakaa kinywani mwangu. Madaftari yale hayakuwa yangu bado. Yalikuwa mkono wa mumewe, nao ulikuwa umetoka nyumbani mwake kwa sababu aliniamini.

Ijumaa ya tarehe 14 Aprili nilimdanganya. Sikupanga. Aliuliza, nikanyamaza, akauliza tena kwa sauti iliyopungua, nikasema, "Kimefika, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akakaa kimya muda mrefu, nami nikasikia jogoo akiwika uani kwake. "Basi siku ya Idi utanisomea. Ukurasa wa kwanza tu. Mimi macho yangu hayasomi tena penseli."

Nilikaa na simu mkononi. Mwalimu wa lugha, mtu mzima, mbele yangu rundo la insha za kusahihisha, na katika insha mojawapo mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilimpa alama.

Katika siku zile nilikuwa pia nimekwisha kuandika nusu ya makala. Yalikuwa makala makali. Niliwalaumu makarani, nikazilaumu mashine, nikailaumu serikali ya hapa na ya kule, nikatumia methali tatu katika aya moja. Nilikuwa na nia ya kuyaleta kwa mhariri wiki ya Idi. Tarehe 18 Aprili, siku ya Jumanne, simu yangu ililia kutoka nambari nisiyoijua.

"Wewe ni Mwalimu?" sauti iliuliza. Nikasema ndimi. "Mwalimu, mzigo wako umekuja kwetu kula ndizi. Sisi tuko Kisii."

Nilidhani ni mzaha. Aliyepiga alikuwa karani wa kaunta, kijana kwa sauti yake, aliyekuta kifurushi kimekaa rafuni bila mwenyewe kujitokeza. Wengine wangengoja muda uishe wakirudishe kilikotoka. Yeye alisoma anwani yote kuanzia juu hadi chini, akaona neno Malindi, akaona nambari yangu ya simu iliyoandikwa pembeni, akatoa rununu yake mwenyewe. "Msimbo umeandikwa 40200," alinieleza. "Huo ni wa kwetu. Malindi ni 80200."

Hapa lazima niwaeleze wanafunzi, kwa kuwa huandika anwani katika barua rasmi kila muhula bila kuulizia zile tarakimu tano zina kazi gani. Msimbo wa posta nchini Kenya huanza kwa tarakimu ya eneo. Anayeandika 0 mwanzoni anaelekea Nairobi, 00100. 1 ni upande wa Nyeri, 10100. 2 ni Nakuru, 20100. 3 ni Eldoret. 4 ni Kisumu. 5 ni Kakamega. 6 ni Embu. 7 ni Garissa. 8 ni Mombasa, 80100. Na 9 ni Machakos. Ndani ya kila eneo miji mingine hufuata kwa mpangilio: Kericho 20200, Kitale 30200, Kisii 40200, Bungoma 50200, Meru 60200, Malindi 80200. Ni mpangilio mzuri, mwepesi kukumbuka. Ubaya wake ni kwamba tarakimu moja ikipotoka, barua haipotei mtaa wa pili, inavuka nchi. Na mchambuzi wa barua, iwe ni mtu au mashine, hufuata tarakimu kabla ya kufuata jina, kwa sababu ndiyo kazi ya tarakimu. Nambari ya kifurushi ina askari wake wa tisa. Msimbo wa posta hauna askari. Ukiandika 40200 ukikusudia 80200, hakuna baki wala kigawe kitakachokustua. Msimbo wote ni halali, ila wa watu wengine. Nashangaa kwamba tumelinda kwa hesabu nambari ambayo haielekezi mzigo popote, na ile iuelekezayo tumeiacha wazi.

Nilipandwa na hasira. Nilimwomba karani anipigie picha ya anwani, akaniletea papo hapo. Ulikuwa mwandiko wa yule binti wa kidato cha tatu, mwandiko safi wa kupendeza, na ile 4 ilikuwa 4 isiyo na shaka. Nikampigia binti. Nasikitika kusema kwamba sauti yangu haikuwa ya upole.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nilinakili kama ulivyoandika." Na baada ya dakika chache akaniletea picha ya bahasha yangu ya zamani, ile niliyokuomba, msomaji, uikumbuke.

Niliikuza picha ile hadi tarakimu zikajaa kioo. Nina mazoea, ambayo sikuwahi kuyatambua, ya kuandika 8 kwa haraka bila kuifunga juu. Kalamu huanzia kulia, hukata katikati, hushuka, na kupanda tena bila kufika ilikoanzia. Katika bahasha ile nane yangu ilikuwa na mikono miwili hewani na mguu mmoja chini. Mtoto yeyote angeisoma 4. Barua zangu nyingine zilimfikia Mwalimu miaka yote hiyo kwa kuwa anwani yake niliandika kwa makini. Anwani yangu mwenyewe niliiandika kwa uvivu wa mtu anayejua anakokaa. Na mimi ndiye nimewapunguzia alama watoto wa watu kwa miandiko isiyosomeka, mwaka baada ya mwaka, nikiandika pembeni kwa wino mwekundu: funga herufi zako.

Yale makala makali niliyachana. Binti nilimwomba radhi siku ileile. Akacheka, akasema hata mwalimu wake wa fizikia ana 7 inayofanana na 1.

Karani wa Kisii alisahihisha msimbo, akatia saini pembeni, akakirudisha kifurushi safarini. Lakini kutoka Kisii hakuna njia ya kwenda Malindi ila kupitia Nairobi na Mombasa, na Idi ilikuwa siku tatu mbele. Shule zilifungwa Ijumaa ya tarehe 21. Wanachama wa Chama cha Kiswahili, waliokuwa wamekusanya maneno ya wazee wa Mambrui na Ngomeni ili tuyalinganishe na ya Mwalimu, walikwenda makwao na orodha zao mikobani.

Siku ya Idi nilipiga mimi. Nilikuwa nimetayarisha maneno, na yote yalinitoka aliposema, "Haya mwanangu, nimekaa. Nisomee." Nilimwambia kwamba kifurushi hakikufika, kwamba nilimwambia uongo, kwamba kilikwenda Kisii, na kwamba kosa lilikuwa la mwandiko wangu tangu mwanzo. Nilisema yote bila kupumua. Kwa upande wa pili sikusikia kitu. Nikadhani simu imekatika.

"Kisii ni wapi?" hatimaye aliuliza.

Nilimweleza. Milimani, nikasema, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye migomba na yale mawe laini ya kuchonga.

"Basi amefika mbali," akasema. "Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Mombasa." Kisha, kwa sauti nyingine: "Usinifanyie hivyo tena." Akaniaga kwa dua zake zote za kawaida, akakata.

Tarehe 26 Aprili, siku ya Jumatano, nilikikuta kifurushi kaunta. Karatasi ya juu ilikuwa imepasuka pembe mbili na kubandikwa upya, na mihuri ilikuwa imelaliana hata haisomeki. Ile 4 ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu ya buluu na juu yake kuandikwa 8, duara mbili zilizofungwa barabara. Ushonaji wa Mama ulikuwa umefumuliwa upande mmoja na kushonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine, na mishono ya aliyeushona ilikuwa midogo na ya makini. Madaftari hayakuwa na hata tone la maji.

Nilimpigia nikiwa ningali kwenye baraza ya posta.

"Nisomee," alisema.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Penseli ilikuwa imefifia kwelikweli. Ilinibidi niliinamishe daftari kuelekea jua. Neno la kwanza lilikuwa amari. Nikasoma: kamba nene ya nanga. Mbele ya maelezo kulikuwa na mabano, na ndani ya mabano herufi M. Nikamwambia, na nikaeleza kwa lugha ya kitaaluma kwamba bila shaka M ni ufupisho wa Mtang'ata.

Alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

"Hiyo M ni jina langu," alisema. "Baba yangu alikuwa mvuvi wa Tongoni. Wewe ulidhani mwalimu wa shule alijulia wapi amari? Endelea."

Nilitazama chini ya ukurasa. M, M, M, kisha jina la mzee mmoja, kisha M tena. Nilifunua ukurasa wa pili na wa tatu. Nikaendelea kusoma, naye akawa anasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayehesabu watoto wake wanaporudi nyumbani, hadi tukafika bamvua. Mwalimu alikuwa ameandika: maji makuu ya mwezi mpevu.

"Hapo alikosea," akasema Mama. "Nilimwambia, hakusikia. Bamvua huja mara mbili, mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Una kalamu?"

Nilimwambia ninayo.

"Kalamu hapana. Tafuta penseli."

Nikavuka barabara hadi duka la vitabu.